Iliyofeli Inabaki

"Rudia," mwalimu aliandika nyuma ya picha kwa penseli, kisha akaifungia kabatini pamoja na zile sita.

Mpishi alibaki amesimama mbele ya meza, brashi bado imechomekwa nyuma ya sikio. Kazi yake hasa ilikuwa kupika uji katika shule ya chekechea. Lakini kwa Jumamosi saba mfululizo alikuja kwenye kozi hii kuchora matunda yaleyale juu ya kitambaa cheupe: ndizi, chungwa, embe na kipande cha papai. Jumamosi zote saba alifeli.

"Leo nimekosea wapi, mwalimu?"

"Nikikuonyesha utaacha kutafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mpishi alijinyoosha. Mgongo wenyewe ulishaanza kumuuma kwa kuinama.

Sheria ya mwalimu ilikuwa moja. Picha iliyofaulu unaondoka nayo ukaitundike kwako. Iliyofeli inabaki kwake, mchoraji asije akaitazama kila siku akayazoea makosa. Wanafunzi wote waliona hiyo ni busara, na kwa kweli ilisikika kama busara.

Jirani yake, dereva mstaafu, alifaulu tangu siku ya kwanza. Chungwa lake lilifanana na tairi, na ndizi zake ungedhani vidole vilivyobanwa na mlango. Hata hivyo mwalimu alimpigapiga begani: "Una moyo wa msanii, mzee wangu." Sasa mzee ana picha saba ukutani, na mkewe amekosa pa kutundika kalenda.

Mpishi alimwonea wivu, tena wivu wa wazi. Mkuu wa chekechea alikuwa ameona wanyama aliowachora kwenye ukuta wa jiko, akamwambia, "Lete cheti kabla muhula haujaisha, nikupe darasa la kuchora. Usipoleta, namchukua mtu mwingine." Na cheti hakitolewi bila walau picha moja iliyofaulu. Ilibaki Jumamosi moja tu.

Nyumbani nako kulikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Wifi, rudi kwenye sufuria," alimwambia. "Uji haukudai cheti."

Mpishi aliendelea kujizoeza. Kila neno la mwalimu alilishika. Usichore chungwa, chora mwanga ulioliangukia chungwa. Kivuli cha ndizi si cheusi, kina zambarau ndani yake. Mng'ao mweupe unawekwa mwisho, tone moja tu. Kwa kusema, mwalimu alijaliwa. Siku moja dereva alimwomba awachoree japo ndizi moja waone, naye akacheka. "Nikiwachorea mtaniiga. Halafu nina maonyesho yangu mwezi ujao, acheni niutunze mkono."

Jumamosi ya nane ikaja na mkosi wake. Chekechea walikuwa na kikao cha wazazi, uji ukaungua, ikabidi upikwe upya. Mpishi alifika darasani mbio, jasho linamtiririka, akakuta wenzake wanasuuza brashi. Ilibaki nusu saa.

Hakutazama mwanga wala nini. Kivuli alikipaka cheusi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu. Mng'ao ukamwagika kila mahali. Papai likaegemea upande kama lililochoka, na embe likatoka kiazi. Alipoweka brashi chini, machozi yalikuwa yanamlenga. Darasa la kuchora alishaliaga moyoni.

Mwalimu aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Akamtazama mchoraji wake. Akaitazama tena.

"Hii umeichora wewe?"

"Nisamehe, mwalimu. Nilichelewa."

Mwalimu alishusha pumzi, akaigeuza picha, akaandika: *Imefaulu.*

"Umeiva," alisema. "Hii nenda nayo."

Mpishi aliushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake yote miwili, akalia bila kuona haya. "Mungu akulipe. Ungenipitisha mapema ningebweteka."

"Ndiyo kazi yetu," mwalimu alisema, akauchomoa mkono wake taratibu.

Jumatatu alikabidhi cheti kwa mkuu, na mwiko wa uji akamwachia mtu mwingine. Picha aliitundika sebuleni. Wifi aliikagua kwa karibu, akauliza kiazi kimefuata nini kwenye matunda. Safari hii mpishi alicheka naye. Alikuwa na darasa la watoto thelathini, na furaha yake haikuweza kuharibiwa na kiazi.

Mwezi uliofuata mwalimu aliwaalika wahitimu wote kwenye maonyesho yake. Mpishi alivaa gauni lake la kutokea, akamchukua na wifi, ili naye akamwone kwa macho yake huyo mtu aliyemfunza. Walikuta ukumbi umejaa, watu wamesongamana mbele ya ukuta mmoja, wanavuta pumzi na kutikisa vichwa. Mwalimu, ndani ya suti mpya, alikuwa akipokea mikono ya pongezi.

Watu walipopisha, mpishi aliona. Picha saba katika fremu za dhahabu: ndizi, chungwa, embe na papai juu ya kitambaa cheupe. Chini ya kila moja kulikuwa na sahihi ya mwalimu na kikaratasi chekundu kilichoandikwa *Imeuzwa*. Hakuhitaji kusogea karibu. Mtu anaujua mkono wake.

Wifi ndiye aliyesogea, akapita moja baada ya nyingine, pua nusura iguse rangi. Kisha akarudi, akamshika mkono kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha.

"Embe lile unaweza kulimenya," alinong'ona. "Sasa umeelewa kwa nini alikuwa anakufelisha?"