Mwindaji wa Musyoki

Masila alikufa mara tatu kabla saa ya chakula haijaisha. Kwanza aliliwa na fisi, kisha akatumbukia mtoni, na mara ya tatu hakujua hata kilichomuua. Alikuwa ameketi nyuma ya jiko la hoteli ya Diani alikokuwa bawabu, mgongo ukimuuma kama kawaida yake, akicheza mchezo wa simu.

"Unapiga kila kinachotikisika, mzee," alisema Hesbon, fundi wa friji aliyekuwa akimfundisha. "Mwanao alikuwa anachezaje?"

"Sikuwahi kumwuliza."

"Basi hapo ndipo penyewe. Panga, nguvu, dhahabu, hata michezo mingine inazo. Huu unataka uwe mtu fulani, uamue kama yeye. Usipokuwa yeye, unabonyeza simu tu."

Wiki moja nyuma Masila alikuwa amepigiwa simu kutoka ughaibuni. Mwanawe Musyoki ameanguka kutoka ghorofa ya tisa ya jengo walilokuwa wakijenga. Wamekwisha kumzika huko huko. Masila hakumwambia mtu ila Hesbon. Mkewe, Jecinta, alikuwa shambani kwao upande wa Lunga Lunga, na daktari alikuwa ameonya kwamba moyo wake hautahimili mshtuko.

Lakini Jecinta bado alimsubiri mwanawe mchezoni kila mchana. Kule kazini Musyoki alikatazwa kupiga simu, kwa hiyo alimfundisha mama yake kucheza ili wakutane humo na kuandikiana. Yeye mwindaji, mama tabibu. Nywila Musyoki aliiacha kwenye daftari lake, na sasa Masila aliitumia kuingia mchezoni kama yeye.

Saa saba na nusu tabibu alitokea kando ya mto.

"Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, mama," Masila akaandika, jasho likimtoka.

"Marahaba. Umekula? Mgongo je?"

Alishangaa kidogo. Kijana wa miaka ishirini na miwili ana mgongo gani? Akajibu kwamba hauumi.

Njiani walimkuta mtu amejeruhiwa. Mchezo ukamwuliza mwindaji: utambeba au utapita? Masila alifikiri sana. Akamkumbuka Musyoki akiwa mdogo, akirudi nyumbani na mbwa kilema begani, na yeye baba akimgombeza. Akambeba yule mtu.

"Umefanya vyema," tabibu aliandika.

Ikawa hivyo kwa miezi miwili. Kila uamuzi ulimlazimu kumwuliza marehemu jambo ambalo hakuwahi kumwuliza akiwa hai.

Kisha siku moja, ng'ambo ya mto, alikuta nyumba aliyoijenga Musyoki. Wachezaji walikuwa wawili tu, mama na mwana, lakini ndani mlikuwa na vitanda vitatu.

Masila aliiweka simu magotini akalia, wapishi wakimtazama. Alipoishika tena hakuweza kuwa mtu mwingine ila Musyoki.

"Mama, mimi sitarudi nyumbani," aliandika.

Tabibu alisimama tuli. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano. Akilini Masila aliona wazi Jecinta ameanguka jikoni, hakuna wa kumwinua. Nimemuua, alijiambia. Alikuwa tayari anaitafuta namba ya jirani yao Kahindi, maandishi yalipotokea.

"Najua, Baba Musyoki. Walinipigia mimi kwanza."