Komeo kwa Ndani

Mwanahawa alishachoka kuamrishwa ndani ya nyumba yake bila kuambiwa sababu. Lakini ndivyo sheria ilivyotaka: mtoto akishazungumza na mshauri nasaha, siri inabaki kwao wawili. Mzazi hupewa maagizo tu, na hatakiwi kuyahoji. Mwezi uliopita waliagizwa wasizime taa ya ukumbini usiku. Wakatii. Leo, mikono yake ikiwa imejaa unga wa chapati, spika ya jikoni ikaita tena.

"Mama Rukia," mshauri alisema, "chumba cha binti yako kiwekwe komeo kwa ndani. Leo hii."

"Anamwogopa nani?"

"Hilo siruhusiwi kukwambia, mama yangu."

"Nimemzaa mimi, dada, si wewe!"

"Najua, na pole. Komeo, tafadhali."

Mwanahawa alilibamiza donge la unga mezani. Alipotoka jikoni alimkuta mumewe, Sefu, ameshapiga magoti mlangoni kwa Rukia akiwa na bisibisi mkononi. Agizo lilikuwa limemfikia naye. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, anawatazama wote wawili.

Nyumba ile haikuwa na mtu mzima mwingine.

Sefu alikaza skrubu ya mwisho. Akauliza bila kuinua uso, "Umemfanya nini mtoto?"

Swali hilo hilo ndilo Mwanahawa alilokuja kumuuliza yeye. Kabla hajafungua mdomo, Rukia aliinuka, akausukuma mlango taratibu, na komeo likalia kwa ndani.