Harufu Imekwisha

Mwaka mzima mkamwana wa Bi Shumbana aligoma kumleta mtoto kwenye mtaa unaonuka mabwawa ya majitaka. Asubuhi moja Bi Shumbana akavuta pumzi, asisikie chochote. Akapiga simu mbio: "Mleteni mjukuu wangu, harufu imekwisha!"

Mkamwana akafika, kanga puani. "Imekwisha, mama? Huku hata nzi wanataka barakoa!"

Jirani aliyekuwa akipita, naye kaziba pua, akadakia: "Bi Shumbana, iliyostaafu ni pua yako!"

Bi Shumbana akampokea mtoto, aliyepakwa mafuta ya karafuu mpaka kisogoni, akamnusa utosini. Akamnusa shingoni, kwapani, tena utosini. Mtoto akacheka akidhani ni mchezo, na bibi yake akazidi kunusa.