Kindi na Tuta la Mchicha

Kindi alikuwa na tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba, na tuta hilo lilimnyima usingizi. Jani likitikisika tu, moyo ulimpiga paa: "Digidigi huyo!"

Jirani yake, Bibi Kobe, alichuma mchicha wake kila jioni, akikata vichwa ili uchipue tena.

"Mjukuu wangu, chuma ule," alimwambia.

"Nikichuma utaisha, bibi. Akija mwizi nitabaki na nini?"

Kindi akaendelea kulinda, akila ugali mtupu. Mchicha ukarefuka, ukatoa maua, mashina yakawa magumu kama fimbo. Yeye aliona urefu tu, akazidi kuogopa.

Asubuhi moja Digidigi akaingia kweli. Kindi akakimbilia katikati ya tuta. Digidigi akang'ata jani, akatafuna, kisha akatema.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Huu umeshakomaa. Nilidhani unalinda mboga."

Akaruka ua, akaenda zake kwa Bibi Kobe kuomba za kupika.

Kindi akabaki ameketi katikati ya tuta, mchicha wake wote upo, akatamani laiti angeibiwa mapema.