Skrini Iliyozimwa

"Hii ni ya kila mwanamke," alisema fundi wa tovuti, na wenzake wakapiga makofi. Tovuti yao ya kuombea msaada ilikuwa tayari. Wageni wa uzinduzi wangefika saa nane.

Mwenzao asiyeona hakupiga makofi. Alipapasa ukingo wa kompyuta yake, ile inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, tovuti ikiwa imefunguliwa humo, mpaka kidole kikapata swichi ya skrini. Akaizima.

"Haya, mdogo wangu. Omba msaada."

Fundi akabonyeza huku akicheka. Kompyuta ikasema, "Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Cha msaada ni kipi hapo?"

Fundi uso ukamshuka; hakuwa ameviandikia vitufe majina ya kusomwa. Akabonyeza tena. Kitufe.

Kisha akavuta kiti, akaketi bega kwa bega naye, skrini ingali nyeusi.

"Nielekeze, dada. Wageni watatukuta kazini."