Wino wa Kijani

Daktari Mwanakheri alikuwa akifuta kwa pamba yenye spiriti wino wa marehemu baba yake. Miaka yote mzee alichunguza vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa kwenye vioo vya hadubini, na kila alipoona saratani aliizungushia duara la kijani. Sasa kompyuta ilikuwa ikifundishwa kuitambua kwa vioo vilevile, na wino ungeichanganya.

"Hiki hakina duara, Dokta," alisema Shaibu, fundi wa maabara. "Hakuna cha kufuta."

Mwanakheri alisoma jina pembeni. La mama yake. Mama aliyefariki huku baba akiwaambia wanawe, "Ni vidonda vya tumbo tu, vitapona."

"Kipitishe kwenye skana."

Picha ilifunguka. Kompyuta ikapaka wekundu penye ugonjwa, ikazidi kupaka, mpaka kona nzima ikajaa.

"Ina maana mzee hakuiona?" Shaibu aliuliza taratibu.

Mwanakheri alikiinua kioo kwenye mwanga. Kwenye kona ileile palikuwa na nukta ya kijani, ndogo kama kichwa cha pini, mahali kalamu ilipogusa ikasita.

Aliishika pamba yenye spiriti mpaka ikamkaukia vidoleni.