Vigelegele vya Mama Mkwe

Mama mkwe alivuta pumzi apige vigelegele mle wodini, na Kokushubila akamziba mdomo kwa kiganja.

Hakuna mkaza mwana anayemfanyia hivyo mama wa mumewe. Lakini mtoto wa Kokushubila, njiti aliyezaliwa kabla ya siku zake na leo ameruhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa salama kifuani pake. Kwenye kitanda cha pili alilala njiti mwingine, mdogo zaidi. Asubuhi mfuniko wa ndoo ulipoanguka, mtoto yule alishtuka, akaacha kupumua. Nesi alimsugua nyayo kwa kidole mpaka pumzi ikarudi. Mpaka sasa mama wa mtoto yule alikuwa bado ameking'ang'ania kitanda.

"Unanishika mdomo mimi?" mama mkwe alifoka ndani ya kiganja.

"Nisamehe, mama," Kokushubila alinong'ona. "Huyu akishtuka, pumzi inakata. Humu hupigi."

"Mjukuu wangu atoke kimya kama mwizi?"

"Utapiga tukifika nyumbani Buguruni, mpaka kuku wa sokoni wakimbie."

 Mama mkwe akavuta pumzi nyingine kwa pua. Kokushubila aliusikia ulimi ukianza kucheza kiganjani mwake, wa moto, ukitafuta njia. Hakuutoa mkono.

Ndipo mama mkwe akamwona yule mama wa kitanda cha pili, vidole vyake bado vimekibana chuma cha kitanda.

Ulimi ukatulia.

Akaushusha mkono wa mkwewe taratibu. Kisha akavua khanga begani, akaipunga juu, juu kabisa, bila sauti, mashavu yamejaa pumzi ile ile.